Nimeipima kamusi ya simu kwa neno upepo

Nikipata kamusi mpya huwa siianzii kwenye herufi A. Nafungua upepo. Ni neno analolijua mtoto wa chekechea, na ndiyo maana linafaa kuwa mtihani. Neno la kitaalamu kama usanisinuru lina maana moja, na kila kamusi huipata. Neno la kila siku ndilo lenye shida, kwa sababu watu wamelitumia miaka na miaka kwa mambo ya angani na ya moyoni, na mtunzi wa kamusi asipokaa akawasikiliza, ataandika nusu yake.

Kamusi ninayoizungumzia ni ya simu, Kiswahili kwa Kiswahili, ya bure. Jina lake silitaji kwa kuwa kasoro zake nimewaandikia wenyewe, na wamenijibu kwa uungwana. Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri habari. Asubuhi napitia taarifa za hali ya hewa, mchana siasa na michezo, na upepo unavuma katika zote. Kwenye taarifa ya kwanza unapimwa kwa kilomita kwa saa. Kwenye ya pili "umemgeukia" mgombea fulani. Nataka kamusi ambayo haitanitupa mkono katika yoyote kati ya hizo.

Nianze na sifa, maana inazo. Maana ya kwanza ya upepo imeelezwa kuwa ni hewa inayotoka mahali pamoja kwenda pengine. Basi. Nimeipenda kwa sababu zipo kamusi zinazosema upepo ni "hewa inayovuma", ukifungua vuma unaambiwa "enda kama upepo", na hapo umezungushwa bila kupewa kitu. Hii imekwepa mtego huo. Ngeli nayo imewekwa sawasawa: upepo huu, pepo hizi. Nakutana na "upepo hizi" na "maupepo" kwenye habari ninazoletewa kila siku, kwa hiyo mstari huo mmoja wa sarufi una faida kubwa kuliko unavyoonekana.

Aina za upepo zimepewa nafasi nzuri. Upepo mwanana upo. Kisulisuli kipo, kimeelezwa kuwa ni upepo unaozunguka na kunyanyua vumbi na majani, na kimetenganishwa vizuri na kimbunga, ambacho huzaliwa juu ya bahari yenye joto na kupewa jina, kama Hidaya aliyeikaribia pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024. Utengano huo nilikuwa nautafuta, kwa sababu waandishi wengi wakiona bati limeezuliwa na upepo wa dakika tano huandika "kimbunga" palepale. Kuna matlai, upepo wa asubuhi utokao mashariki. Kuna hata umande, na hapa niliwapongeza kimoyomoyo: wengi tunaujua kama matone yanayolowesha majani alfajiri, lakini kwa mabaharia ni pia upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, hewa yake ikawa nzito, ikateremka kuelekea baharini. Jua likishapanda mambo yanageuka, na upepo wa baharini unaingia nchi kavu. Mvuvi anayetoka na tanga alfajiri anaujua mpangilio huo, na kamusi iliyoweka maana zote mbili za umande imemheshimu.

Kisha nikafika kwenye kusi.

Kusi, inasema kamusi, ni "upepo unaovuma kusini". Nilisoma mara mbili. Upepo huitwa kwa mahali unakotoka, hauitwi kwa mahali unakokwenda. Ndivyo wanavyoandika wataalamu wa hali ya hewa dunia nzima, na ndivyo walivyosema manahodha wetu kabla ya vipimo vyovyote. Kusi hutoka upande wa kusini, takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, na husukuma vyombo kuelekea kaskazini. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, yakangoja kusi yarudi kwao. Sasa msomaji mgeni akikuta "unaovuma kusini" ataelewa upepo uko huko kusini, au unaelekea huko, na vyovyote atakavyoelewa atakuwa amepotea. Kilichokosekana ni neno moja tu, kutoka. Kwenye taarifa ya mabaharia, neno hilo moja ndilo linaloamua chombo kielekezwe wapi.

Na nimesikitika kidogo kwamba kamusi haimwambii msomaji jambo zuri lililo wazi mbele yake: kusini na kaskazini ni kusi na kaskazi zenye -ni ya mahali. Mashariki na magharibi tulizichukua kwenye Kiarabu, zikatufikia na jua linalochomoza na linalozama. Lakini pande hizi mbili nyingine tumezipa majina ya pepo. Yaani hapa upepo umeacha kuwa kitu kinachotikisa majani, ukawa mahali. Kwangu hii ndiyo safari ya kwanza ya neno la hali ya hewa kutoka maana yake ya asili kwenda nyingine, na ingefaa sana kuonyeshwa, hata kwa mstari mmoja wa asili ya neno.

Kuna jambo moja zaidi kwenye upande huu wa vipimo, kwa sababu linanigusa kazini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara angalizo la upepo mkali unaofikia kasi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Kamusi inaeleza upepo mkali kuwa ni "upepo wenye nguvu". Si kosa, lakini haimsaidii mtu kupata picha. Kwenye kipimo cha Beaufort, alichokibuni ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, Francis Beaufort, mwaka 1805, kasi hiyo iko ngazi ya 6 kati ya ngazi 0 hadi 12. Ni upepo wa kutikisa matawi makubwa, mwavuli ukashikika kwa taabu, na baharini mawimbi makubwa yakaanza kujijenga, povu jeupe likienea juu yake. Kwa mtu wa nchi kavu ni usumbufu tu. Kwa mtu wa ngalawa ni suala la kurudi au kutorudi. Na hapohapo kamusi imeandika kuwa angalizo ni tahadhari na tahadhari ni angalizo. Katika mazungumzo ya kawaida sawa, lakini katika utabiri ni ngazi tofauti: linaanza angalizo, inafuata tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Mhariri akizibadilishana ili habari isirudie neno, ameshawapandishia watu hatari au ameishusha.

Sasa nije kwenye upepo wa midomoni. Hapa ndipo nyota zilipopungua.

Chini ya kidahizo upepo, yaani neno linaloorodheshwa ili lielezwe, kuna misemo miwili tu: kupunga upepo, na bendera hufuata upepo. Methali hiyo imeelezwa kuwa ni ya mtu asiye na msimamo. Kweli, wengi huitumia hivyo, kwa lawama. Lakini nimeisikia mara nyingi ikisemwa kwa kutetea: mtumishi anaulizwa mbona ametekeleza amri aliyokuwa akiipinga, anajibu bendera hufuata upepo, akimaanisha kwamba aliye juu ndiye anayevuma. Lawama na utetezi katika maneno yaleyale matatu. Kamusi nzuri ingeweka zote mbili na mfano wa kila moja.

Usemi ambao nilitarajia kuukuta wa kwanza kabisa haupo popote. "Ni upepo tu, utapita." Sijui kama kuna wiki inapita bila kuukuta kwenye habari au kusikia mtu akiusema. Na uzuri wake ni kwamba una sauti mbili. Mama akimkalisha bintiye aliyeandamwa na maneno ya majirani, akamwambia "ni upepo tu mwanangu, utapita", anamfariji: anamwambia asimame imara, asing'olewe, haya yana mwisho wake. Kiongozi akiulizwa kuhusu tuhuma nzito akajibu "huo ni upepo tu, utapita", hamfariji mtu. Anawaambia wanaouliza kwamba watachoka. Maneno ni yaleyale, lakini ukitafsiri la pili kwa upole wa la kwanza umeipotosha habari nzima. Mimi nimewahi kukaa na sentensi kama hiyo kwa muda mrefu, kamusi ikiwa wazi mkononi, na isinipe hata chembe ya msaada. Ilibidi nirudi kwenye sauti ya mahojiano yenyewe nisikilize mtu alivyotamka.

Hakuna kusoma upepo. Nahodha huusoma kabla ya kutweka tanga, mwanasiasa huusoma kabla ya kuchukua fomu. Hakuna upepo kugeuka, ambao kwenye habari za mpira unaingia mara tu timu iliyokuwa nyuma inaposawazisha. Hata ile nahau ya kumjaza mtu upepo haipo, na hili limenishangaza zaidi, kwa kuwa maana yake ya asili ipo tena imeelezwa vizuri. Maana ya pili ya upepo kwenye kamusi hii ni "hewa iliyo ndani ya tairi, mpira au puto", na mfano wake ni tairi limeisha upepo. Sawa kabisa. Kutoka hapo hadi "rafiki zake wamemjaza upepo, sasa anajiona hashikiki" ni hatua moja. Kilichojaa upepo huonekana kikubwa na ndani hakina kitu, na Mswahili akaona hilo linamfaa mtu aliyevimba kwa sifa za uongo. Mtunzi alifika mlangoni akaishia hapo.

Upepo mbaya ndio ulioniudhi. Kamusi inaandika: "dhoruba". Hapana. Sijamsikia mtu akiiita dhoruba upepo mbaya. Mtu aliyepatwa na upepo mbaya ni aliyeanguka ghafla, au aliyepooza upande, au aliyeanza kuweweseka, na ndugu zake wanaamini kuna kisichoonekana kilichompitia. Ni namna ya heshima ya kutotaja kitu kwa jina lake. Wengine huutumia kwa mapana zaidi, biashara imekwama, mambo hayaendi, "nimepitiwa na upepo mbaya". Anayetafsiri maelezo ya mgonjwa hospitalini akaifuata kamusi hii, daktari ataambiwa kwamba mgonjwa alikumbwa na dhoruba.

Hili linanipeleka kwenye pepo, kwa kuwa mambo haya yanagusana. Andika pepo kwenye kamusi hii: inakuja kwanza makao ya raha ya Akhera, halafu jini au shetani, basi. Kwamba pepo ni wingi wa upepo, jambo ambalo yenyewe imelisema vizuri kwenye ukurasa mwingine, halionyeshwi hapa wala hakuna kiungo cha kukurudisha. Mwanafunzi akikuta "pepo za kusi" kwenye somo la jiografia na akatafuta, atapata majini ya kusini. Nilitaka kuona zote tatu pamoja, pepo zinazovuma, pepo wanaopanda kichwani, na pepo ya wema, kila moja na ngeli yake, kwa sababu ngeli ndiyo inayotuokoa tusizichanganye: pepo hizi, pepo huyu, pepo hii. Na nilitaka onyo kuhusu kupunga. Kupunga upepo ni kutoka nje jioni ukapumzisha mwili. Kupunga pepo ni kumtoa mtu jini kwa ngoma au kisomo. Silabi moja ikidondoka kwenye kunakili, wageni waliokwenda ufukweni kupunga upepo wanageuka kuwa kwenye tiba. Nimeshaisahihisha hiyo kwenye habari ya kweli, karibu kabisa na kuchapishwa.

Kwenye Biblia ya Kiswahili kuna misemo miwili ambayo imeingia katika lugha ya watu wote, hata wasiofungua kitabu. Kujilisha upepo, inayorudiwa katika Mhubiri pamoja na ubatili, imekosekana kabisa. Kupanda upepo na kuvuna tufani, ya Hosea sura ya 8, ipo lakini chini ya tufani. Anayekumbuka nusu ya kwanza tu hataipata.

Vuma, kwa upande mwingine, ni kidahizo kilichoandikwa na mtu anayeipenda lugha. Kinaanza na upepo, kinaenda kwenye ngoma, kinafika kwenye jina la mtu linapoenea, na kimeunganishwa na uvumi, habari inayosambaa bila kujulikana ilikotoka. Imewekwa avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo, na maelezo yake ni mafupi na sahihi. Nilisoma ukurasa huo kwa furaha tupu. Ndiyo maana ukurasa wa upepo unaniuma: uwezo wanao.

Hewa imetendewa nusu kwa nusu. Wafanyakazi hewa wamo, wale wanaolipwa mishahara na hawapo. Kuwa hewani, kwa redio na kwa simu, imo. Lakini kuchafua hali ya hewa imeelezwa kuwa ni "kutoa moshi au taka angani" tu. Mtu anayesimama kwenye kikao kilichokuwa kikienda vizuri akasema neno la kuwagombanisha watu, amechafua hali ya hewa, na hakuna moshi wowote. Kwa kadiri ninavyosoma habari, hiyo ndiyo maana inayotumika zaidi siku hizi, na ingepaswa hata kutangulia.

Upande wa ufundi nitapita haraka. Programu ni nyepesi, inafanya kazi bila intaneti, matangazo yapo chini na hayakatizi. Maandishi yanakuzwa, jambo jema kwa macho yaliyochoka. Sauti ya matamshi ni ya binadamu na imetulia. Tatizo kubwa ni utafutaji. Ukiandika unavuma, inakupeleka vuma bila shida. Ukiandika zilipeperushwa, inasema neno halipo. Kiswahili kinabeba viambishi mbele na nyuma, na mwanafunzi anayekutana na "zilipeperushwa" mara ya kwanza hajui kwamba atafute peperuka, jirani ya pepea na pepeta, ukoo mmoja na upepo wenyewe. Anayehitaji kamusi zaidi ndiye anayefungiwa nje.

Kwa hiyo naipa nyota tatu kati ya tano, na ninaitumia kila siku. Mwalimu wa shule ya msingi aichukue bila kusita, ngeli na aina za pepo zitamfaa sana darasani. Mwandishi wa habari za hali ya hewa aichukue ila kusi na angalizo avithibitishe kwingine. Mfasiri wa siasa, wa tamthilia, au wa mazungumzo ya hospitalini, asiitegemee peke yake kwa neno lolote la hali ya hewa. Joto, baridi, mvua na giza nimezionja pia na hali ni ileile, maana ya angani imekaa vizuri, ya watu imekonda.

Barua yao ya majibu ilisema wanapokea misemo kutoka kwa wasomaji, ilimradi kila mmoja uje na sentensi iliyosikika kweli na maelezo ya nani alimwambia nani. Hilo ni sharti zuri. Nimewapelekea "ni upepo tu, utapita" kwa sauti zake zote mbili, na upepo mbaya, na kumjaza mtu upepo. Kidirisha cha kutuma kiko chini kabisa ya kila kidahizo, pameandikwa "ongeza matumizi". Mwenye misemo ya mvua aanze hapo, kwa sababu ukurasa wa mvua una methali moja tu.